Vichwa vya Vibaba vya Bi Kidawa

Cha mfuto hufika, cha tele humwagika.

Nimesema hivyo nilipokuwa natia kibaba hiki na kijiti hiki kwenye vyombo vya Hanuni, na nyote mmecheka. Chekeni tu. Mahadhi ameuliza kama dada yake anaolewa au anafungua duka. Hanuni mwenyewe, bibi harusi wetu, amekishika kijiti kwa ncha za vidole anauliza ni cha nini, maana siku hizi kila kitu kinapimwa kwa mizani. Haya, sogezeni hayo masufuria mkae mkekani. Na wewe Mahadhi, zima simu. Msemo huu najua ulipozaliwa, kwa sababu nilikuwepo, na sikukaa upande mzuri.

Kwanza maneno yenyewe, maana nyie watoto wa kilo hamyajui. Kibaba ukikijaza mpaka kikaota kichwa, punje zikawa zinaporomoka pembeni, hicho ni kibaba cha tele. Ukipitisha kijiti juu yake, kichwa kikaanguka, mchele ukawa sawasawa na mdomo wa kibaba, hicho ni cha mfuto. Kwetu Rufiji enzi zile, cha tele kilikuwa heshima, na cha mfuto kilikuwa tusi. Mtu akikupa cha mfuto unapokea, unashukuru, halafu unakwenda kumsema.

Basi ilikuwa hivi.

Mama yangu, Bi Kidawa, alikuwa mtu wa tele. Kapu la chakula likitoka nyumbani kwake lilitoka na kichwa, tena wazi, ili lipite mtaani watu walione. Kulifunika kapu ilikuwa kama kukiri kwamba halikujaa. Watu walimsifu wakisema Bi Kidawa ana mkono, naye alizipenda sifa hizo, Mungu amrehemu. Mimi binti yake nilizipenda kuliko yeye.

Kaka yangu Mkumba, babu yenu, alimwoa Mwatabu. Nyie mlimkuta bibi yenu amezeeka, mkamjua kwa vitumbua vyake. Mimi nilimjua akiwa na miaka ishirini na mbili, mwembamba, maneno machache, ametoka vilimani ambako mpunga hauoti na punje moja ina thamani yake. Siku ya kwanza kuwashiwa jiko lake alijaza kibaba, akatoa kijiti kwenye kibindo cha kanga, akakipitisha juu. Kichwa kikarudi kapuni. Mama aliona. Hakusema kitu, ila mama yangu akinyamaza nyumba nzima ilijua kuna jambo.

Na mimi? Mimi nilikuwa nimeachika. Mume wangu wa kwanza alinirudisha mchana kweupe, sanduku langu kichwani, watu wamejaa barazani wanatazama. Sitaki kuyaeleza sana hayo. Nasema tu kwamba mtu aliyerudishwa akifika kwao akakuta mwanamke mwingine anakaa vizuri na mumewe, shetani ana mlango wa kuingilia. Kwangu aliingia, akakaribishwa, akakaa kitako.

Sasa, mwaka uliotangulia mafuriko yalikuwa yamekuja kabla ya wakati wake yakazoa mpunga wa watu wengi. Sisi tulibakiwa na ghala moja. Tukalima upya bondeni, ng'ambo ya mto, tukahamia dunguni. Dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu katikati ya shamba, na mnakaa humo miezi. Mpunga ukishachanua hauachwi hata siku moja. Ukiuacha, ndege kweleakwelea wanashuka kwa maelfu, nguruwe wanamalizia chini, nawe unarudi kukuta mabua. Tulikuwa watano: Mkumba, Mwatabu, watoto wao wawili, mmoja wao baba yenu, na mimi. Mama alibaki kijijini na ghala lake. Kila Jumamosi nilivuka kwa mtumbwi kufuata posho ya wiki.

Nikileta kapu, Mwatabu alikuwa akilimwaga mkekani, akachukua kibaba chake akapima upya. Vya mfuto vilikwenda kwenye mfuko wa wiki, vitatu kwa siku. Vile vichwa alivyovikata alivitia kwenye vibuyu vikubwa vilivyoning'inia juu ya meko, kwenye moshi, wadudu wasiingie. Sikumwuliza vya nini. Nilijua nilichotaka kujua, kwamba ananyima.

Leo nimezeeka, acha niseme kweli. Hatukulala njaa hata siku moja. Mwanamke yule alikuwa na akili ya mdudu chungu. Boga lilikuwa halitupwi hata kokwa. Majani yake mboga, kokwa zake za kukaanga, boga lenyewe la asubuhi, na siku hiyo mchele unabaki. Kambale wakipatikana wengi kwenye madimbwi aliwabanika akawatundika, hakusubiri waoze. Na kila Ijumaa, sikilizeni vizuri, kila Ijumaa tulikula wali wa nazi, na mchuzi wa kambale wenye ndimu, mpaka watoto wanalala matumbo wazi. Siku nyingine sita aliziongoza kwa kijiti ili hiyo ya saba iwe karamu. Watu wa madungu ya jirani walikuwa wakila wali wa tele Jumamosi, Jumapili na Jumatatu, kuanzia Alhamisi wanakunywa uji. Wewe Mahadhi unawafahamu watu hao. Mshahara ukiingia ni nyama choma na marafiki, wiki ya tatu unakuja kwangu unauliza kama kuna unga.

Haya. Nilipofika kijijini mama aliuliza habari za dunguni, nami nilisema, "Mama, mkaza mwanao anatupimia kwa kijiti. Tele unayotupa anaikata." Habari za Ijumaa sikuzitaja. Si kwamba nilisahau.

Mama aliumia sana. Kichwa cha kapu alikijenga kwa mikono yake mwenyewe mbele ya majirani, na huko ng'ambo mtu anakifyeka kama nyasi. Aliona anatukanwa kwa chakula chake mwenyewe. Jumamosi ya sita akamwita Mkumba, akamwambia tukishavuna amrudishe Mwatabu kwao, yeye hawezi kuzikwa na mkaza mwana mchoyo. Kaka yangu alikuwa mtu wa kuogopa radhi ya mama. Alitazama chini, akasema, "Tuvune kwanza." Mtaa mzima ulijua kabla ya Alasiri, na Mwatabu alijua kabla jua halijazama, kwa sababu mimi nilihakikisha amejua.

Kesho yake alipima kama kawaida. Punje chache zilimponyoka zikaangukia mkekani, akaziokota moja moja. Nilimtazama. Mimi niliyebeba sanduku langu mchana kweupe, niliyejua hasa kinachomngoja, nilimtazama na nikaona raha. Hilo ndilo ninaloombea toba mpaka leo.

Sasa niwaambie habari za kuku.

Kutoka kwa mama hadi mtoni kuna mteremko, na msimu ule ulikuwa utelezi mtupu. Mimi na kapu la tele kichwani, wazi, lina kichwa kama kichuguu. Kila hatua punje zinashuka begani. Nikiteleza kidogo, kiganja kizima. Mtumbwini kapu likiinama, samaki wanapata fungu lao. Wiki ya tatu kuku wa mtaa mzima walikuwa wamekwisha kujifunza siku ya Jumamosi. Nawakuta mlangoni kwa mama wananingoja, jogoo mbele, na tunateremka pamoja mpaka mtoni kama maandamano ya maulidi. Nilicheka sana. Kumwambia mama sikumwambia, maana ningemwambia angefunika kapu, na likifunikwa nani ataona kwamba sisi ni watu wa tele?

Jumamosi ya nane nikamkuta mama ameketi kwenye kizingiti cha ghala, kibaba mapajani, kapu tupu miguuni. Midomo yake ilikuwa imekauka. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa na siku mbili anakunywa maji na chumvi.

"Sikudhani," akaniita kwa jina langu, "mwambie kaka yako ashuke dunguni. Ghala limekwisha. Kila mtu atafute pa kula."

"Mama, mpunga ndio unatia maziwa. Bado wiki tatu uive."

"Najua. Nimetoa kama nilivyolelewa kutoa. Sasa sina."

Nilivuka mto nikilia. Kuku walikuwa wamenifuata mpaka mtoni kwa mazoea, nami sikuwa na la kuwadondoshea. Nikapanda dunguni na kapu tupu, nikaeleza. Kaka yangu alitazama lile shamba, kijani kibichi mpaka mwisho wa macho, kazi ya miezi minne, halafu akaanza kukunja mkeka. Mwatabu alikuwa anachambua mboga. Aliinua uso.

"Usikunje kitu," akamwambia mumewe. Kisha akanigeukia. "Wifi, nipe hilo kapu."

Akateremsha vibuyu. Vilikuwa vitatu, na vyote vimejaa, mchele mweupe una harufu ya moshi. Akajaza kapu la mama mpaka sawasawa na ukingo, akapitisha mkono juu likawa tambarare, akalifunika kwa jani la mgomba na kulifunga kwa ukindu. Vibuyu viwili vilibaki, na pamoja na maboga na kambale aliowabanika, wiki tatu zilikuwa zimepatikana. Mkumba alikaa chini palepale. Kaka yangu hajawahi kulia mbele yangu ila siku ile.

"Mpelekee mama kesho asubuhi," Mwatabu akaniambia. "Mwambie ni vyake. Ni vichwa vya vibaba vyake."

"Kwa nini unampa mtu anayetaka kukurudisha kwenu?"

"Nilikuwa nakata kichwa cha kibaba, wifi. Mkono wa mama sijaukata. Angenipa kidogo ningeweka nini?"

"Mbona hukusema miezi yote hii?"

Alinijibu bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma. "Ningekuambia wewe?"

Nikalibeba kapu nikaliweka kando ya ngazi, tayari kwa asubuhi.

Asubuhi nikavuka na lile kapu lililofunikwa. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilipita mtaani na kapu lenye jani juu, na wanawake waliokuwa wanafagia wakasimamisha mifagio. Kuku nao wakaja. Walinifuata mteremko wote kwenda juu, shingo wamezinyoosha, wanatazama kisogo cha kapu. Haikudondoka punje. Wakaja mpaka mlangoni kwa mama, wakazunguka wee, wakakata tamaa wakaenda kuchakura kwingine.

Mama alifungua jani. Akatumbukiza mkono mchele ukafika kwenye kifundo. Akauliza umetoka wapi, nami nikamweleza yote, ya vibuyu, na ya Ijumaa nilizokuwa nimezificha, na mwisho nikamweleza ya kuku. Hapo kwenye kuku akanizuia kwa mkono. Alitoka nje. Alishuka ule mteremko peke yake, polepole, macho chini, mpaka mtoni, akarudi. Sijui aliona nini, maana kuku hawaachi kitu. Lakini aliporudi alikuwa ameona haya, na mama yangu hakuwa mtu wa kuona haya.

"Alikuwa anakula vizuri mwanangu?" akaniuliza.

"Vizuri, mama. Sote."

Akapika, akala. Nami nilirudi ng'ambo bila kujua ameamua nini.

Wiki tatu zikapita. Mpunga ukaiva. Siku ya kuvuna mtaa mzima ulivuka kuja kusaidia, ndivyo ilivyokuwa, na wengine walikuja kwa visu vya kuvunia na wengine kwa macho. Walitaka kumwona Mwatabu akiondoka. Neno la mama lilikuwa halijafutwa, na neno la mama mbele za watu halifutwi kwa kunyamaza. Mwatabu alijua hivyo. Alivuna tangu alfajiri kama mtu anayevuna shamba lake, lakini nilipopanda dunguni kuchukua maji nililikuta sanduku lake limefungwa, limewekwa kando ya ngazi, na kanga yake ya safari juu yake. Alikuwa amelifunga mwenyewe, asije akafungiwa na watu. Nililitazama sanduku lile nikaona langu. Nikakaa pale nikalia mpaka kaka yangu akaniita.

Mchana mama akafika, amevaa kanga mpya, kibaba chake mkononi. Desturi yetu, mpunga wa kwanza kupurwa hutwangwa siku ileile, na mkubwa wa nyumba huupima kwa mkono wake awape waliosaidia. Watu wakakaa. Mama akajaza kibaba cha kwanza, akakijenga kichwa kama alivyozoea, kirefu, watu wakaguna kwa kuridhika. Halafu akaweka kibaba chini.

"Mwatabu," akaita. "Nipe kijiti chako."

Mwatabu alidhani mama anataka kumwaibisha kwacho. Alikitoa kibindoni, akakileta kwa mikono miwili, akapiga goti. Mama akakipokea, akakipitisha juu ya kibaba taratibu. Kichwa kikaanguka mkekani.

Jirani yetu Bi Havijawa, mwenye yule jogoo, hakuweza kujizuia. "Bi Kidawa, leo mkono umekuwa mfupi?"

"Mrefu ulikuwa unalisha kuku wako," mama akamjibu. "Miezi miwili nimepitisha makapu ya tele hapa mtaani, mkanisifu, na ghala likaisha wanangu wako dunguni. Aliyetufikisha leo kwenye mavuno ni huyu na kijiti chake. Nimejifunza uzeeni: cha mfuto hufika, cha tele humwagika."

Watu walicheka, hata Bi Havijawa alicheka. Mama hakucheka. Aliendelea kupima, kila mtu kibaba cha mfuto, na pakatosha kwa wote, hata wale waliokuja kwa macho. Alipomaliza aliinuka akaenda kwenye dungu, akaliona lile sanduku kando ya ngazi. Mwanamke wa miaka sitini na kitu, magoti mabovu, alilibeba kichwani mwenyewe akapanda nalo ngazi ile ndefu, watu wamejaa chini wanatazama, akaliweka ndani mahali pake. Kisha akachungulia kutoka juu.

"Mwanangu," akamwambia Mwatabu, "huku ndiko kwenu. Panda uje utie nazi, leo Ijumaa."

Mwatabu alikaa chini pale mabuani akalia, kilio cha wiki zote zile kwa pamoja. Nilimwendea. Nilitaka kumwomba radhi mbele ya watu, kama nilivyomsema mbele ya watu, lakini hata sikuanza. Akanishika mkono tu, akasema twende tukakune nazi.

Msemo ukavuka mto jioni ileile na wavunaji. Leo wanausema watu ambao hawajawahi kumsikia Bi Kidawa wala kuona kibaba. Wanausemea mshahara, wanausemea harusi, wanausemea maneno pia, mtu akiahidi makubwa mno. Sawa, ni wao. Lakini mimi nikiusikia naona kuku.

Limebaki moja, Hanuni, kisha mrudi kwenye masufuria yenu. Mwaka wa pili wake niliposwa tena, na huyo ndiye babu Ngwali mliyemjua. Nilikuwa na hofu, nilijiona mtu wa kurudishwa tu. Aliyefunga vyombo vyangu alikuwa Mwatabu, na hakuna aliyemtuma. Nilipofungua kapu kwa mume wangu nikakuta kibaba kipya, na ndani yake hiki kijiti chake. Mimi niliyetaka arudishwe kwao, alinipa kitu chenyewe kilichomweka kwenye ndoa yake. Nimekitumia miaka arobaini na moja. Kuna miaka tulikula wali wa nazi kila Ijumaa, na kuna miaka ilikuwa Ijumaa moja kwa mwezi, lakini hakuna mgeni aliyeondoka kwangu na njaa, na sanduku langu halikutoka tena mlangoni.

Kishike vizuri basi, si kwa ncha za vidole. Kilianza kwa bibi yako, kikapita kwangu, leo kimekuja kwako. Cha mfuto hufika, mjukuu wangu. Cha tele humwagika.